Maswali na majibu: makatizo na chipu kongwe ya 8259

Fundi, habari za kazi. Ninaandika kerneli yangu (kiini cha mfumo endeshi) ya kujifunzia. Nikiruhusu tu makatizo (ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa iwashughulikie) kwa amri ya sti, prosesa inaleta hitilafu namba 8, ile ya kosa juu ya kosa. Nimekosea wapi?

Salama, ndugu yangu. Karibu hakika hakuna kosa hapo, ni saa ya mashine inapiga. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na 8259 moja, chipu inayopokea makatizo ya vifaa na kuyafikisha kwa prosesa, yenye laini 8, na BIOS (programu ya kuwasha mashine) ikazipa vekta, yaani namba za makatizo, 8 hadi 15, ilhali Intel walikwishatenga vekta 0 hadi 31 kwa ajili ya prosesa. Prosesa za kizazi cha 8086 hazikuzitumia zile 8 hadi 15, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Prosesa ya 286 ilipoipa vekta 8 kazi yake, ile ya kosa juu ya kosa, mgongano ukabaki mpaka leo.

Dawa ni kuhamisha vekta kabla ya sti. Mashine za baadaye zina 8259 mbili: kuu, kwenye poti (anwani za kuzungumza na chipu) 0x20 na 0x21, na msaidizi, kwenye 0xA0 na 0xA1. Peleka 0x11 kwenye poti 0x20 na 0xA0. Kisha peleka 0x20 kwenye poti 0x21 na 0x28 kwenye 0xA1, hizo ndizo vekta mpya. Fuatisha 4 kwa chipu kuu na 2 kwa msaidizi, maana wameunganishwa kupitia laini ya 2, halafu 1 kwa wote wawili. Ukiruka hatua moja, chipu itaichukua namba inayofuata kwa maana nyingine kabisa.

Napata IRQ 7 (katizo la laini ya 7, ile ya printa) mara mojamoja na printa sina. Nipuuze?

Usipuuze bila kukagua. Kuna laini iliyopiga hodi ikaondoka kabla prosesa haijauliza ni nani. 8259 lazima ijibu kitu, basi inajibu 7. Andika 0x0B kwenye poti 0x20, kisha soma poti hiyohiyo. Biti ya 7 ikiwa sifuri, rudi zako bila kutuma ishara ya kumaliza, ile inayoiambia chipu kwamba katizo limeshughulikiwa. Ikitokea kwa IRQ 15, itume kwa chipu kuu peke yake, kwani yenyewe inaamini laini ya 2 ilipiga kweli.

Nimehamia APIC, kidhibiti cha makatizo kilichorithi kazi ya 8259, na saa imenyamaza.

Bila shaka umeiwekea ingizo 0 la APIC. Soma jedwali la MADT, ambamo mashine inaeleza makatizo yake yameunganishwaje: kwenye mashine nyingi limeandikwa kwamba IRQ 0 imehamishiwa ingizo 2. Usikariri namba hizo ndani ya kodi. Na 8259 izibe yote kwa 0xFF, ila vekta zake zihamishe hata hivyo, kwani katizo hewa bado linaweza kuchomoka.

Vifaa viwili vya PCI (njia ya kuunganisha vifaa na mashine) vyaweza kutumia laini moja?

Ndiyo. Ita draiva zote, kila moja iulize kifaa chake. Kisiponyamazishwa, katizo linarudi papo hapo, bila kikomo. Linux huifunga laini ikiona makatizo 99,900 kati ya 100,000 hayana mwenyewe.