Makufuli ya miguu kutoka gadi: shika goti kwanza, kisigino baadaye

Ukifanya jiujitsu, ile mieleka ya kukabana mkekani, hapa Moshi, siku moja utajikuta umelala chali, miguu yako ndiyo kinga yako (hiyo ndiyo gadi), na mbele yako amesimama mgumu. Wenyeji mnawajua: hawa ndio wanaopandisha Kilimanjaro mizigo ya wageni, hadi kilo 20 kwa mtu, halafu wanaishusha kwa njia ya Mweka. Kumpiga ngwala mtu wa aina hiyo ukiwa chini si kazi ya kitoto. Unasukuma, unavuta, mguu umesimama pale kama nguzo ya umeme. Na mimi mwili wangu ni wa kukaa dukani.

Ndipo nikaanza kupenda makufuli ya miguu, yaani kubana kifundo au kisigino mpaka mtu akubali ameshindwa. Kama mguu wake hauhami, basi uko palepale mikononi mwangu.

Vijana wengi klabuni walivutiwa na video za Lachlan Giles, yule Mwaustralia wa daraja la kilo 77 aliyeingia uzito huria, ambako mwenye uzito wowote anaruhusiwa, kwenye ADCC, mashindano ya dunia ya mieleka ya kukabana, ya mwaka 2019 na kutoka na medali ya shaba. Aliwagongesha, yaani waligonga kwa mkono kukubali wameshindwa, watu watatu waliomzidi mwili, mmojawao Kaynan Duarte, bingwa wa mwaka huo wa zaidi ya kilo 99, na wote kwa kufuli la kisigino. Sasa kijana akishaona hayo, kesho yake anarukia kisigino kama anadaka kuku. Hapati kitu. Anachomolewa mguu, anapitwa gadi, anakaliwa kifuani.

Alichokosa ni goti. Mguu wa mtu unautawala kwa goti. Goti lake likiwa limebanwa katikati ya mapaja yako, anaweza kuhangaika na mguu ukabaki wako. Likishavuka mapaja yako na kutoka, hata kama umekumbatia kifundo kwa mikono yote miwili, achia, rudi kwenye gadi. Kung'ang'ania hapo ni kujichosha bure.

Kwangu njia nyepesi ni ile wanayoiita ashi garami. Yeye kasimama, mimi chini. Nafunga mkono kwenye kifundo chake, mguu wangu wa nje unakanyaga nyonga yake, wa ndani unapita katikati ya miguu yake na kunasa nyuma ya paja. Magoti yangu yanabana. Halafu, kabla sijafikiria kufuli lolote, namyumbisha: nyonga naisukuma kwa mguu, kifundo nakivuta kwangu. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Mtu mwenye mizani ana mikono miwili ya kukuvunjia mishiko. Mtu anayeyumba mikono yake inatafuta mkeka. Akianguka kabisa, una hiari: panda juu uchukue pointi 2 zako, au malizia mguu. Mara nyingi mimi napanda juu. Wanaopenda kufuli tu watanicheka, lakini wagumu wakishakuwa chini ni watu wa kawaida.

Kumalizia kifundo hakuna maneno mengi. Ukingo wa mkono uwe chini, juu kidogo ya kisigino, vidole vyake vibanwe nyuma ya kwapa, kiwiko kigandane na mbavu. Usivute kwa mikono. Lalia ubavu, sukuma nyonga mbele, pinda mgongo kwa nyuma. Akikusukumizia mguu ndani zaidi, wanaita kuvaa buti, ukingo wa mkono wako unapanda kwenye shavu la mguu na kufuli linakufa. Wagumu wanalijua hilo vizuri. Rudisha mkono chini au myumbishe upya. Na chunga miguu yako pia, maana naye ana mikono.

Kisigino ni habari nyingine. Goti limeumbwa kukunjwa na kunyooshwa. Kuzunguka linazunguka kidogo sana. Ukizungusha kisigino huku paja limebanwa, nguvu yote inaishia kwenye ligamenti za goti, na maumivu yanachelewa. Anayesubiri aumie ndipo agonge, amechelewa. Sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiujitsu, zinawaruhusu watu wazima wenye mkanda mweupe kufuli nyoofu la kifundo, basi. La kisigino liliruhusiwa mwaka 2021, tena kwa watu wazima wenye mkanda wa kahawia na mweusi, wasiovaa gi, lile vazi la koti na suruali. Kwetu kuna sababu iliyo karibu zaidi: mwenzako mkekani analipwa kwa goti hilohilo. Akikosa kupanda mlima mwezi mmoja, kodi na ada vinakwama.

Kwa hiyo kisigino tunajifunza masika, Aprili hivi, mlima ukiwa umepoa na wengi wapo nyumbani. Anayeshika anafika kwenye mshiko, anatulia bila kuzungusha, anaachia. Anayeshikwa anagonga akishaona tu kisigino kimenaswa, hata kama hajasikia kitu. Julai hadi Septemba ni kifundo pekee. Ukija kwetu kama mgeni, uliza kabla ya kuanza sparingi mwenzako anapanda lini, na akisema keshokutwa, cheza naye kabali.