Kemia ya Mwanzo: Anza na Kipimo, Atomu Itafuata

Wanafunzi wengi ninaowafundisha huiona mada ya vipimo kama usumbufu wa kupita haraka ili wafike kwenye atomu, wakidhani huko ndiko kemia inakoanzia. Mimi huwachelewesha kwa makusudi. Muda niliokaa maabara na wanaoanza umenionyesha kwamba anayejua kusoma kipimo hapati taabu kubwa na atomu, lakini aliyekariri atomu bila vipimo hukwama mara tu namba zinapoingia.

Chukua silinda ya kupimia yenye maji. Iweke mezani, usiishike mkononi. Utaona uso wa maji umebonyea katikati na kupanda kidogo unapogusana na kioo. Soma pale chini kabisa pa mbonyeo, macho yakiwa usawa wake. Ukitazama kutoka juu utapata namba kubwa kuliko ilivyo. Ikiwa mistari imepigwa kila sentimita moja ya ujazo na maji yako katikati ya 30 na 31, andika 30.5. Hiyo tarakimu ya mwisho umeikadiria kwa jicho, na ni halali kabisa. Usiiache, wala usiongeze nyingine mbele yake.

Sasa tumbukiza kipande cha chuma cheupe chepesi chenye masi ya gramu 53.9. Maji yanapanda hadi 50.4. Ujazo wa kipande ni 19.9, na ukigawanya masi kwa ujazo ili upate densiti, kikokotoo kitakuandikia 2.7085427. Hapa ndipo ninapowataka wanafunzi watulie. Vipimo vyako vina tarakimu tatu tu, basi jibu nalo liwe na tatu: gramu 2.71 kwa kila sentimita ya ujazo. Aluminiamu ni 2.70, chuma cha kawaida ni 7.87. Umeshajua ulichonacho. Kipande kingekuwa kikubwa mara kumi, densiti ingebaki ileile, na ndiyo maana densiti hututambulishia maada ilhali masi peke yake haiwezi. Na tafadhali, namba isiyo na kizio usimpe mwalimu. 2.71 ya nini?

Mkazo huu una sababu, kwani atomu yenyewe iliingia kwenye kemia kupitia mizani. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipima vitu kabla na baada ya kuungua ndani ya vyombo vilivyozibwa, akaona masi haipotei. Joseph Proust akaonyesha kuwa kampaundi moja huwa na elementi zake kwa uwiano uleule kila mara: katika maji, kila gramu 1 ya hidrojeni ina takriban gramu 8 za oksijeni, maji yawe yametoka popote. John Dalton akauliza kwa nini, na katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1808 akaeleza kwamba maada imeundwa kwa chembe, yaani atomu, zenye masi maalumu zinazoungana kwa hesabu kamili. Hakuwahi kuiona hata moja.

Kwa hiyo unapofika kwa Thomson (elektroni, 1897), Rutherford (kiini cha atomu, 1911) na Chadwick (nyutroni, 1932), usiishie kukariri majina na miaka. Kwa kila mmoja jiulize: ni kipimo gani kilichomlazimisha kusema hivyo? Ukilijibu swali hilo kwa Rutherford, muundo wa atomu hausahauliki tena. Geiger na Marsden, waliofanya kazi chini yake, walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Karibu zote zilipenya. Chache sana zilirudi nyuma. Kilichozirudisha lazima kiwe kidogo sana, kizito, na chenye chaji chanya kama ya chembe zenyewe: hicho ndicho kiini. Sehemu kubwa ya atomu ni nafasi tupu.

Kinachobaki ni protoni, nyutroni na elektroni, na hapo jedwali dogo la mahali, chaji na masi linatosha. Shida ninayokutana nayo zaidi ni klorini. Namba atomia yake, yaani idadi ya protoni, ni 17, na kwenye jedwali la elementi masi yake imeandikwa 35.5. Mwanafunzi anatoa 17 kwenye 35.5, anapata nyutroni 18.5, anaendelea na swali linalofuata. Hakuna atomu yenye nusu nyutroni. Ile 35.5 ni wastani: katika kila atomu 100 za klorini, takriban 76 zina namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni) 35 na 24 zina 37. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa 100, utapata 35.48. Ukiulizwa klorini ina nyutroni ngapi, tazama kwanza ni isotopu ipi, yaani aina ipi ya atomu kati ya hizo mbili: ya 35 ina 18, ya 37 ina 20.