Wiki tatu za kukimbia, mzani haujasogea: usiache

Ndugu, unasema umekimbia wiki tatu, uzito uko palepale, na unataka kuacha. Nakuelewa, mimi pia nilikata tamaa wiki ya nne. Lakini mzani hauoni kinachoendelea ndani ya misuli. Kila ukikimbia, protini iitwayo GLUT4 husogea hadi kwenye utando wa seli na kuingiza sukari ya damu, hata bila insulini, yaani homoni ambayo kwa kawaida huifungulia sukari njia ya kuingia kwenye seli. Ukiendelea, seli za misuli huongeza mitokondria, ambamo mafuta huchomwa kuwa nguvu. Insulini nayo hufanya kazi vizuri zaidi, ila nafuu hiyo hufifia baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo usipumzike zaidi ya hapo. Kama unatumia dawa za kisukari, muone daktari kwanza. Sukari inaweza kushuka ghafla. Kifua kikiuma, simama, nenda hospitali.