Muulize Mwalimu: Almasi yenye pengo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dalali wa mawe, zaidi tanzanaiti, ila sasa nimeshika kialmasi chenye dosari na kila mteja ananirudishia. Kijana wangu wa chuo anasema huko Ulaya dosari za almasi zinasomwa kwa mwanga, tena ni mali. Ananipiga kamba?
Dalali, Arusha

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hakupigi kamba, ila dosari anayoisema siyo hiyo unayoiona kwa lenzi. Yake ni atomu moja ya kaboni iliyokosekana, na jirani yake naitrojeni imekalia kiti cha kaboni nyingine. Pengo hilo limenasa elektroni zenye spini, yaani usumaku wa kuzaliwa nao.

Limulike kwa leza ya kijani, litakurudishia mwanga mwekundu, fotoni (punje za mwanga) mojamoja. Utamu uko hapa: spini ikiwa katika hali ya sifuri, wekundu unakolea, ikiwa katika hali nyingine, unafifia kwa karibu theluthi, kwa sababu sehemu ya nishati hupitia njia ya giza. Na njia hiyo huirudisha spini kwenye sifuri. Basi mwanga unaosoma ubao ndio huohuo unaoufuta! Kuigeuza tena, ipige kwa mawimbi ya gigahezi 2.87, majirani wa yale ya jiko la maikrowevu (2.45). Ukisogeza sumaku, namba hiyo hupasuka mbili, moja juu, moja chini, na sumaku ikizidi ukali nazo huzidi kuachana. Hayo yote kwenye joto la kawaida, hata sebuleni kwangu Moshi.

Wajerumani wa Chemnitz walisoma pengo mojamoja mwaka 1997. Mwaka 2015, Delft, Uholanzi, walifungisha ndoa spini za almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, yaani hali zao zikafungamana ingawa ziko mbali, fotoni zikiwa washenga. Hapo ilibidi wazigandishe almasi kwelikweli.

Mimi nilichukua leza ya kijani ya kuelekezea ubaoni, nikafunika kamera ya simu kwa karatasi nyekundu ya peremende, nikamulika pete ya mke wangu. Giza. Sikusema kitu. Lakini kutowaka si ushahidi kwamba ni kioo: almasi nyingi za ardhini naitrojeni yake imejikusanya yenyewe kwa yenyewe, si atomu moja kando ya pengo.

Lako liuze kwa bei ya dosari. Maabara hutumia zaidi almasi za kutengenezwa, naitrojeni yake imepimwa tangu mwanzo.