Chapa za monotaipu bila mashine: rangi inakauka kabla ya karatasi

Assalamu alaikum, ndugu yangu wa Wete. Nimekuelewa: unatengeneza monotaipu, yaani unachora kwa rangi ya maji juu ya kioo kisha unaihamishia picha kwenye karatasi, huna mashine ya kugandamiza, na kila ukibandua karatasi picha hutoka mabaka kwa kuwa rangi imekwisha kukauka.

Kwa maoni yangu, tatizo liko kwenye karatasi zaidi kuliko mkononi mwako. Loweka karatasi nene ya kuchorea kwa dakika chache, kisha ikamue kati ya taulo mbili mpaka ising'ae maji, kwani karatasi yenye unyevu hunywa rangi ambayo karatasi kavu huiacha kiooni. Zima feni, na msimu wa kaskazi fanya kazi alfajiri, kabla joto halijapanda. Sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kuelekea pembeni, ukiinua pembe moja kuchungulia kabla ya kubandua yote.

Wino wa mafuta utakupa muda mrefu zaidi wa kufuta na kuchora upya, ila wakati wa masika chapa huchelewa sana kukauka. Kioo kisafishe kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni. Tapentaini ndani ya chumba kilichofungwa sikushauri kabisa, na ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, toka nje na umwone daktari. Kingo za kioo zipigwe msasa.

Chapa ya pili kutoka kioo kilekile, ile iliyofifia, usiitupe: Degas, mchoraji wa Ufaransa, katika miaka ya 1870, alikuwa akiziongezea chapa kama hizo rangi za pasteli.