Simu inaweza, ubongo je?

Ndugu, umeuliza kama simu na ubongo vinaweza kweli kufanya kazi mbili kwa mpigo. Simu za leo, ndiyo. Kompyuta za zamani zenye kiini kimoja, yaani sehemu moja tu ya kufanyia hesabu, zilikuwa zinarukaruka: muziki kidogo, barua kidogo, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, ukadhani vyote vinakwenda pamoja. Mwaka 2005 prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) za viini viwili zikaanza kuingia kompyuta za nyumbani, kazi mbili zikaenda sambamba kwelikweli. Simu za leo nazo ziko hivyo.

Kwenye ubongo ndipo penye mambo. Kutembea huku unapiga soga unaweza, miguu imeshazoea. Lakini mambo mawili yanayotaka fikra? Unahama tu toka hili kwenda lile, na kila ukihama unapoteza kitu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja. Wakaonekana wazito zaidi kuhama kazi kuliko wenzao.

Tafadhali sana, simu usipokee ukiwa kwenye usukani, hata ya spika. Mimi juzi nilikuwa nimeketi tu, najumlisha mauzo ya duka huku naongea na shangazi: 18,000 nikaiandika 81,000, na sikuona mpaka usiku.