Wasomaji Wanauliza: Mboga iliyobaki itafika kesho kutwa?

Nanunua mchicha na chainizi jioni pale Kirumba nikitoka kazini. Nusu inayobaki naiosha, naifunga vizuri na kuitia kwenye friji, lakini siku ya pili imeshaanza kuteleza na kunuka. Friji ni zima. Tatizo nini? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

Tatizo, dada, ni huko kuosha mapema. Maji yanayobaki juu ya jani yanawapa vijidudu vya kuozesha mahali pa kuzaliana, na ukishafunga hayana pa kutokea. Osha unapotaka kupika. Wauzaji nao hunyunyizia mafungu maji mchana kutwa yasinyauke, kwa hiyo ukifika nyumbani yakung'ute, yatandaze juu ya khanga safi penye upepo mpaka ukigusa jani kidole kisilowe.

Kabla ya hapo fungua kamba ya fungu. Tazama pale ilipobana: mashina yamechubuka, yamekuwa ya kijani kilichokolea kama yaliyochemshwa. Uozo huanzia hapo. Toa hayo pamoja na majani ya njano, zilizobaki zizungushie kitambaa kikavu cha pamba, uziweke kwenye kopo lenye mfuniko usiokazwa sana, droo ya chini ya friji. Kitambaa kikilowa, badilisha. Mchicha utakupa siku 3 au 4, chainizi na sukuma wiki huenda hata 5. Ile mifuko tunayobebea sokoni tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 haitoshi peke yake, kwa sababu inapitisha hewa na friji hukausha majani kwa usiku mmoja.

Ndizi mbivu, embe na parachichi zikae mbali. Hutoa gesi ya ethilini inayogeuza majani kuwa ya njano.

Mboga zikinyauka tu, kata ncha za mashina na uyasimamishe kwenye maji baridi nusu saa; nyingi huamka. Zikishateleza, tupa.

Sina friji, napanga Mabatini. Vile vyungu viwili vya kupozea mboga, kimoja ndani ya kingine na mchanga katikati, vinasaidia kweli? (Msomaji, Mabatini)

Vinasaidia, lakini kwa msimu. Maji yanayokauka kwenye udongo huondoka na joto, ndiyo maana chungu cha ndani hupoa. Hewa ikiwa kavu, Juni hadi Septemba, utaona faida. Mvua za masika na vuli zikishika, hewa ya huku ziwani inakuwa na unyevu mwingi, maji hayakauki, na chungu kinabaki chungu tu.

Chukua chungu kikubwa na kidogo kinachoacha nafasi ya sentimita 3 pande zote. Visiwe vimepakwa rangi ya mafuta, maana rangi huziba vitundu vya udongo. Weka mchanga chini hadi midomo ya vyungu ilingane, kisha jaza pembeni. Mchanga wa ufukweni una tope na vipande vya konokono, uoshe mpaka maji yatoke meupe, la sivyo mboga zitanuka ziwa. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kilicholowa, na uviweke kivulini penye upepo, juu ya matofali. Jikoni kwenye mlango uliofungwa havitafanya kazi. Ndani panga vijiti chini ili mboga zisilalie maji yanayochuruzika.

Nusu kabichi, karoti na nyanya je? (Msomaji, Buhongwa)

Kabichi: acha kigogo chake, funika upande uliokatwa. Karoti: kata majani siku hiyo hiyo, yanafyonza maji ya mzizi. Nyanya nzima isiyoiva vizuri isiingie friji kabisa, baridi huua ladha na kuifanya iwe ya ungaunga. Ikae mezani, upande wa kikonyo ukiwa chini. Iliyokatwa ndiyo ya friji.

Nauza chakula karibu na stendi. Mchicha wa karanga ukibaki usiku naufunika, asubuhi naupasha. Ni salama? (Mama lishe, Buzuruga)

Hapana, mama. Sufuria nzito iliyofunikwa hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo vijidudu huzaliana. Moto wa asubuhi utaviua, ila vingine huwa vimeshaacha sumu isiyoharibika kwa kuchemshwa. Harufu pia haitakuambia kitu.

Mimina mboga kwenye sinia pana, iweke juu ya beseni la maji baridi, koroga, na ndani ya saa 2 iwe kwenye friji. Kesho yake chukua kiasi cha kuuza tu, kichemke kabisa. Kilichopashwa kikabaki tena ni cha kumwaga. Kama friji huna, pika sufuria ndogo mbili badala ya moja kubwa: ya pili iinjike pale ya kwanza inapokaribia kuisha, mboga nyingine ibaki mbichi.